Kula ugenini: namna ya kuonja chakula usichokijua bila kujidhuru

Wasafiri wengi wakifika nchi za watu hupima chakula kwa pua. Kikinuka wanakikataa, kikinukia wanakila bila swali. Kipimo hicho kinadanganya. Papa wa Iceland anayeitwa hákarl ananuka amonia kiasi cha kutoa machozi, lakini akiandaliwa na wanaoijua kazi hiyo hana neno. Saladi iliyosuuzwa kwa maji ya bomba, juisi yenye vipande vya barafu na wali uliokaa mezani tangu asubuhi havimtishi mtu, na mara nyingi vitu vya namna hiyo ndivyo vinavyomfanya msafiri akeshe chooni.

Kwa hiyo kabla ya yote tenga mambo mawili: ugeni na hatari. Chakula kinaweza kuwa kigeni kabisa kwako na kikawa salama kuliko mkate unaoujua. Hatua zilizo hapa chini zinafuata tofauti hiyo, na nimekaa zaidi pale ambapo watu huchanganya.

Hatua ya 1: Ujue mwili wako kabla ya kupanda ndege

Anza na mzio. Kama kamba au kaa wanakuvimbisha midomo, usile wadudu bila kumwuliza daktari wako. Panzi wa kukaanga wa Oaxaca kule Mexico, nyenje wanaouzwa masokoni Thailand na viwavi wa mopane wa Zimbabwe na Botswana wana protini iitwayo tropomiosini, na protini ya aina hiyo ndiyo inayowasumbua wengi wenye mzio wa kamba. Mtu anaweza kudhani anaonja kitu kipya kabisa, kumbe mwili wake umeshakikataa zamani.

Kisha angalia dawa unazotumia. Anayemeza warfarini ili damu isigande asile natto ya Japani. Natto ni maharage ya soya yaliyochachushwa, yana vitamini K nyingi sana, na vitamini hiyo inapingana na dawa. Wapo pia wanaotumia dawa fulani za zamani za sonona ambao jibini lililokomaa huwapandisha shinikizo la damu ghafla. Swali la kumpelekea mfamasia ni fupi: “Kuna chakula chochote kisichopatana na dawa hizi?” Mjamzito ajihadhari na jibini la maziwa mabichi, samaki wabichi na nyama isiyoiva vizuri, hata pale wenyeji wanapovila kila siku.

Kama una mzio mkali, andikiwa kikaratasi kwa lugha ya huko uendako, na kiandikwe na mtu anayeisema lugha hiyo. Kisiseme tu kwamba hupendi karanga, maana mpishi atadhani ni suala la ladha na atakutolea zile za juu. Kiseme kwamba karanga hata kidogo, hata mafuta yake, zinaweza kukuua. Kikaratasi hicho mpe mpishi mwenyewe, usiishie kwa mhudumu.

Vitu unavyovikwepa mara nyingi vimejificha kwenye mchuzi. Thailand na Vietnam, mboga nyingi zinazoonekana kuwa za mboga tupu zimekolezwa kwa sosi ya samaki. Japani, supu nyingi huanza na mchuzi wa samaki mkavu. Mexico, maharage ya kuponda mara nyingi hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Anayefuata halali ajue pia kwamba mirin, kiungo cha kawaida cha jikoni Japani, asili yake ni pombe ya mchele. Usiulize tu kama kuna nyama. Uliza mchuzi umetokana na nini na kitu kimekaangwa kwa mafuta gani.

Chanjo za homa ya ini aina A na homa ya matumbo zitafute wiki kadhaa kabla ya safari. Kwenye begi weka pakiti chache za chumvi za kuongeza maji mwilini, zile za kuchanganya kwenye maji. Ni nyepesi, na siku utakayozihitaji hutakuwa na nguvu za kutafuta duka la dawa.

Hatua ya 2: Chagua mahali kabla ya kuchagua chakula

Naamini kibanda cha barabarani chenye moto mkali mara nyingi ni salama kuliko bufe ya hoteli, na sababu yake ni joto. Vijidudu huongezeka haraka kati ya nyuzi joto 5 na 60 za Selsiasi. Chakula kinachotoka kwenye karai kuja mkononi mwako hakikupata muda wa kukaa katika joto hilo. Cha bufe, kilichowekewa kitaa kidogo chini, huenda kimekaa hapo saa tatu. Kanuni inayotumika sana ni kwamba chakula kilichoiva kisikae nje zaidi ya saa 2, na hali ya hewa ikizidi nyuzi 32 kisizidi saa 1.

Wali nautaja peke yake kwa kuwa watu huuamini mno. Kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus ambaye mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukiachwa upoe polepole mezani, mbegu hizo huamka, na sumu wanayotoa bakteria wake haiondoki hata ukipasha moto upya. Wali wa kukaanga uliotokana na kiporo kilichohifadhiwa vibaya unaweza kukutapisha ndani ya saa chache ukiwa bado unavuta mvuke.

Ukifika penye vibanda, usikae kwenye cha kwanza. Simama pembeni dakika kumi utazame. Je, wanaokula ni wafanyakazi wa eneo hilo au ni watalii watupu? Foleni ndefu ya wenyeji saa ya chakula ina maana kwamba sufuria inaisha na kujazwa upya. Anayepokea pesa ndiye anayeshika chakula? Kama ni yeye, ananawa au anatumia koleo? Kisu kilichokata kuku mbichi kinakwenda wapi baadaye, kwenye ndoo ya maji machafu au moja kwa moja kwenye matango? Tazama sahani zinavyooshwa. Tazama pia kama nyama mbichi iko kwenye barafu au juani. Dakika hizo zitakueleza mengi kuliko nyota zozote za kwenye intaneti.

Wala usidhani kwamba cha barabarani ni cha daraja la chini. Mwaka 2016 vibanda viwili vya Singapore vilipewa nyota ya Michelin, tuzo ya mwongozo maarufu wa migahawa, na mwaka 2020 UNESCO iliuingiza utamaduni wa vibanda vya chakula vya nchi hiyo katika orodha yake ya urithi wa tamaduni zisizoshikika.

Maji: kama bomba la nchi hiyo halinyweki, basi barafu yake, saladi yake na tunda lililokwisha menywa navyo vina mashaka. Kunywa ya chupa uliyoifungua mwenyewe, au yaliyochemka dakika 1 kamili, na dakika 3 ukiwa juu zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Tunda limenye mwenyewe.

Hatua ya 3: Jua vile vya kukataa, na kwa nini

Hapa ndipo palipo na hatari halisi, na harufu haikusaidii hata kidogo.

Samaki mbichi wa maji baridi, yaani wa mtoni au ziwani, mkatae popote. Kaskazini-mashariki mwa Thailand kuna kitoweo kiitwacho koi pla, samaki wa mtoni aliyekatwakatwa mbichi na kutiwa ndimu na pilipili. Kina ladha nzuri, na kinaweza kuwa na mnyoo wa ini ambaye akikaa mwilini miaka mingi anaweza kusababisha saratani ya njia za nyongo. Ndimu haimuui. Vietnam kuna tiết canh, damu mbichi iliyoachwa ishikane kama jeli, na ile ya nguruwe imewahi kuwapa watu homa ya uti wa mgongo inayotokana na bakteria wa nguruwe. Mwenyeji akikuambia kwamba amekula tangu utotoni, huenda anasema kweli, na bado si sababu ya wewe kula.

Ceviche ya Peru ni habari nyingine kidogo. Samaki wake huwa wa baharini na hulowekwa kwenye maji ya ndimu mpaka nyama inageuka nyeupe kana kwamba imepikwa. Haijapikwa. Asidi hubadilisha protini lakini haiui vimelea kwa uhakika. Kinachowaua ni kupikwa sawasawa au kugandishwa, na mwongozo wa Marekani unataka nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7. Mimi naila ceviche kwenye mgahawa wenye wateja wengi mchana, nikishauliza samaki amehifadhiwaje. Siinunui kwenye toroli jioni.

Kisha kuna vyakula ambavyo sumu iko ndani yake kwa asili, na usalama wote umo katika ujuzi wa mpishi. Fugu, yaani samaki bunju wa Japani, ana tetrodotoksini, sumu isiyoharibika kwa kupikwa, hivyo anayemwandaa lazima awe amefuzu na kupewa leseni. Ini lake haliruhusiwi kuuzwa mgahawani. Ackee, tunda la taifa la Jamaica, likiwa bichi lina sumu inayoshusha sukari ya damu ghafla. Lazima lipasuke lenyewe mtini, na huliwa ile sehemu ya manjano tu, mbegu nyeusi zikitupwa. Hata yule papa wa Iceland, nyama yake ikiwa mbichi ni sumu, ndiyo maana huchachushwa kwa wiki kadhaa na kuning’inizwa miezi mingi kabla ya kukatwa vipande vidogo. Vyote hivi vinalika. Usivinunue vibichi sokoni ukajaribu kuvipika mwenyewe kwa kufuata video, na usivipokee kwa mtu anayefanya majaribio nyumbani.

Maziwa mabichi yasiyochemshwa, ya ng’ombe, mbuzi au ngamia, yanaweza kukupa bruselosi, homa inayokwenda na kurudi kwa miezi. Omba yachemshwe.

Hatua ya 4: Tonge la kwanza

Ukishajiridhisha kwamba chakula ni salama, sasa ndipo wakati wa kuuvunja woga, na woga huu una namna yake ya kuvunjwa.

Kwanza, onja kitu kigeni kimoja kwa mlo mmoja. Ukila vitano na tumbo likachafuka, hutajua cha kulaumu. Pili, fanya hivyo mchana na si usiku sana, ili jambo likitokea likukute ukiwa macho na maduka yakiwa wazi. Tatu, usiende ukiwa na njaa kali wala ukiwa umeshiba.

La nne ndilo ninaloliona kubwa kuliko yote: ukile chakula jinsi wenyeji wanavyokila. Vyakula vingi vyenye sifa mbaya vimepewa sifa hiyo na wageni waliovila vitupu.

Chukua natto. Mgeni hufungua kikopo, hukutana na harufu ya jibini lililopitiliza, hutia punje mbili mdomoni, hukunja uso na kufunga kikopo. Mwenyeji hafanyi hivyo. Humimina kile kipakiti kidogo cha sosi na haradali kilichomo ndani, kisha huchukua vijiti na kukoroga kwa nguvu, mizunguko mingi, mpaka maharage yanatoa povu jeupe na nyuzi nyembamba zinazovutika kila unaponyanyua. Huongeza majani ya kitunguu yaliyokatwa, huimwaga yote juu ya wali wa moto sana, na hula kwa kuleta bakuli karibu na mdomo, akizungusha ncha za vijiti hewani ili zile nyuzi zikatike zisimfike kidevuni. Haradali hupanda puani, na kinachobaki ulimini ni utamu wa chumvichumvi wa soya. Ni chakula tofauti kabisa na kile cha mgeni wa kwanza, ingawa kikopo ni kilekile.

Balut ya Ufilipino pia. Ni yai la bata lililochemshwa likiwa na kifaranga kilichoanza kuumbika ndani, na macho ndiyo yanayowashinda wengi. Wenyeji hugonga upande mpana, hutoboa tundu dogo, hutia chumvi na kunyonya supu kwanza. Ndipo humenya, huongeza siki yenye pilipili na kula. Ukianza na ile supu, ladha ya mchuzi mzito wa kuku itakuwa imeshakutuliza kabla hujaona chochote. Hakikisha tu limechemka sawasawa na bado ni la moto.

Tonge la kwanza liwe dogo, na usilitolee hukumu. Ulimi unaokutana na uchachu wa injera ya Ethiopia kwa mara ya kwanza hutangaza kasoro, kwa sababu ulitarajia mkate. Lakini injera hailiwi peke yake. Unachana kipande kwa mkono wa kulia, unazoa mchuzi mzito wenye pilipili, na hapo uchachu wa teff, nafaka inayotengenezewa injera, unafanya kazi yake ya kukata mafuta. Toa uamuzi kwenye tonge la tatu. Likikushinda, limekushinda; huna deni. Vyakula vingine vinahitaji kukutana navyo mara kadhaa kabla ulimi haujavizoea, na safari moja huenda isitoshe.

Harufu ikikusumbua, jua kwamba ndani ya mdomo mara nyingi hubadilika. Duriani, lile tunda la miiba, hunuka kitunguu kilichooza ikiwa mezani, ila ukishaitafuna, ile nyama laini ya manjano ina utamu wa maziwa na lozi. Pumua kwa mdomo unapotia, kisha toa pumzi puani ukiwa unatafuna.

Pilipili ikikuzidi, weka glasi ya maji chini. Kapsaisini, kemikali inayowasha, haiyeyuki vizuri kwenye maji. Maziwa au mtindi husaidia kwa kuwa protini na mafuta yake huishika. Na ukiwa Sichuan kule China, usishtuke midomo ikipata ganzi na mtetemo mdogo baada ya kutafuna zile punje ndogo za kahawia: ndiyo kazi ya kiungo hicho, na hupita baada ya dakika chache.

Hatua ya 5: Mezani na wenyeji

Ukialikwa nyumbani, kanuni za usalama hazifutiki, ila zinahitaji ulimi laini. Kama kuna kitu hutakila kwa sababu ya dini au afya, kiseme siku unayoalikwa, si sahani ikishawekwa. Mwenyeji akijua mapema atapika kingine kwa furaha. Akijua mezani ataona aibu.

Usoni pasikunjwe. Usiulize “hiki kitu gani?” kwa sauti ya mshangao. Uliza “mnaanzaje kukila?” na mara moja mwenyeji anakuwa mwalimu wako, jambo linalowapendeza watu karibu kila mahali.

Adabu nyingine zinabadilika kwa nchi. Ethiopia, mtu akikunja injera yenye mchuzi na kukutia mdomoni kwa mkono wake, hiyo ni gursha, alama ya upendo na heshima. Fungua mdomo upokee. Japani na China usisimamishe vijiti wima ndani ya bakuli la wali, kwani hivyo hufanywa kwenye mazishi. Argentina, kibuyu cha mate (jina la kinywaji cha majani cha huko, si mate ya mdomoni) kikizunguka, usikoroge kwa ule mrija wa chuma wa kunywea, na usiseme “gracias” mpaka umetosheka, maana shukrani hapo humwambia anayemimina kwamba zamu yako imeisha.

Ukishindwa kumaliza, acha kidogo pembeni na usifie kitu kimoja ulichokipenda kweli. Sifa ya uongo ina hasara ya wazi: utaongezewa.

Hatua ya 6: Tumbo likichafuka

Kuharisha kwa wasafiri mara nyingi hutokana na bakteria na huisha kwenyewe ndani ya siku 3 hadi 5. Kinachoua ni kukauka maji. Changanya pakiti ya chumvi zako kwenye maji salama unywe kidogo kidogo, hata kama unatapika. Pakiti zikikosekana, lita 1 ya maji salama, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, vinatosha. Usizidishe chumvi. Endelea kula vitu vyepesi tumbo likikubali.

Dawa za kufunga tumbo usizitumie kukiwa na damu au homa kali. Damu kwenye choo, homa isiyoshuka, kutapika kunakozuia hata maji, au kukosa mkojo kwa saa nyingi: nenda hospitali siku hiyohiyo. Midomo ikivimba, pumzi ikibana au vipele vikitapakaa mwilini baada ya kula, huo ni mzio mkali, na mwenye sindano ya adrenalini aitumie papo hapo kisha aende hospitali. Ganzi ya midomo na vidole baada ya kula fugu nayo haisubiri hata dakika.

Andika ulikula nini, wapi na saa ngapi. Daktari wa ugenini asiyejua lugha yako atafaidika na orodha hiyo kuliko maelezo marefu, na ukirudi nyumbani na homa wiki kadhaa baadaye, mwonyeshe na daktari wa huko.

Hatua ya 7: Kabla hujabeba kingine kwenda nacho

Ukikipenda chakula, utataka kukibeba. Angalia kwanza sheria. Nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu abiria kutoka nchi nyingi za nje kuingia na nyama wala maziwa, na vitu hivyo huchukuliwa uwanjani. Australia inakutaka utangaze chakula chochote ulichonacho, na usipotangaza unaweza kutozwa faini. Hata ndani ya nchi kuna mipaka: treni za Singapore na hoteli nyingi za Asia ya Kusini-mashariki zimepiga marufuku duriani. Duriani uliyoinunua sokoni uile papo hapo, ukiwa umesimama, kisha nawa mikono kabla hujapanda gari.